Mgonjwa wa Akili na Haki ya Kuulizwa

Karibu kila usharika una nyumba yenye chumba cha nyuma ambacho wageni hawafikishwi. Mchungaji akija kutembelea huketishwa sebuleni, chai huletwa, sala husaliwa, na kama ana masikio mazuri atasikia sauti ya mtu nyuma ya ukuta. Akiuliza, ataambiwa kwa upole, "Huyo ni ndugu yetu, mchungaji. Tumemfungia kwa usalama wake." Kisha mazungumzo yatahamia kwenye mahindi, ada za shule na ujenzi wa kanisa.

Insha hii inamhusu mtu huyo aliye nyuma ya ukuta. Waliomfungia si maadui zake. Mara nyingi ni mama aliyemzaa, au kaka anayekesha usiku akisikiliza kama mlango umefunguka. Wamempeleka hospitali, wamempeleka kwa waganga, wamempeleka kwenye mikesha ya maombi, mpaka fedha zimekwisha na nguvu zimekwisha. Wanampenda. Hapo ndipo penye swali gumu: ikiwa amefungwa na watu wanaompenda, je, amedhulumiwa? Na mtu ambaye akili yake imeugua, akisema "sitaki," neno lake lihesabiwe, au lipuuzwe kama maneno ya mtu anayeweweseka kwa homa?

Jibu langu ni kwamba neno lake lihesabiwe. Halitashinda kila mara, lakini kila mara lisikilizwe, na anayetaka kwenda kinyume nalo atoe sababu zake mbele ya mtu mwingine. Naamini pia kwamba sheria za nchi zinazomlinda mgonjwa wa akili, ambazo wengi wetu hatujawahi kuzifungua, ni jambo la imani. Tusiwaachie mawakili peke yao.

Heshima ya mtu inatoka wapi?

Tangu zamani za Wayunani wako wenye hekima waliofundisha kwamba kinachomtofautisha binadamu na mnyama ni akili. Mafundisho hayo yana ukweli ndani yake, lakini pia yana mtego. Ikiwa heshima yangu imesimama juu ya akili yangu, siku akili itakapoyumba, heshima nayo itaanguka. Ndivyo tunavyosema mitaani bila kufikiri: "Huyo si mtu tena." Jina la Hospitali ya Mirembe kule Dodoma, ambako Watanzania wengi wametibiwa na kurudi kazini kwao, limegeuzwa kuwa tusi la kutaniana vijiweni.

Kanisa letu lina jibu, nalo tunalitenda kila tunapobatiza. Mtoto wa wiki chache huletwa mbele ya madhabahu. Hajui Katekisimo, hawezi kutoa hoja, hata jina lake halijui. Tunambatiza, na tunakiri kwamba Mungu amemfanya kuwa wake kabla hajaweza kufikiri lolote. Kama tungeamini kwamba mtu husimama mbele za Mungu kwa nguvu ya akili yake, tusingethubutu kufanya hivyo. Tunahesabiwa haki kwa neema, kwa ajili ya Kristo. Neema hiyo haikumkuta mtu na akili timamu ndipo ikamkubali, na haiondoki akili inapougua.

Mtu anaweza kunijibu: "Vema, mchungaji, lakini mtoto mchanga haulizwi. Basi na mgonjwa wa akili tumpende kama mtoto, tumwamulie." Wazo hili limejaa majumbani mwetu, na kwa sura linafanana na huruma. Lakini mgonjwa huyu si mtoto. Ni mtu mzima mwenye miaka yake. Alikuwa fundi seremala, au mwalimu, au mama wa watoto wanne. Ugonjwa wake una vipindi, una siku mbaya na siku njema. Hata katika siku mbaya anaweza kujua kwamba dawa fulani inamtetemesha mikono, kwamba shangazi fulani humpiga wengine wakiondoka, na kwamba anaogopa giza. Kumfanya mtoto ni kumnyang'anya hata kile ambacho ugonjwa haujachukua.

Yesu aliuliza

Tusome tena habari ya yule mtu wa nchi ya Wagerasi katika Marko 5. Sisemi kwamba kila ugonjwa wa akili ni pepo. Kusema hivyo kumewaumiza wengi, na Injili yenyewe, kwa mfano katika Mathayo 4:24, huwataja wenye pepo na wagonjwa wengine kila kundi mahali pake. Ninachotaka tukitazame ni jinsi mtu aliyetengwa na jamii alivyotendewa na watu wake, kisha jinsi alivyotendewa na Bwana.

Watu wake walikuwa na njia moja tu: pingu na minyororo. Marko anasema walimfunga mara nyingi. Minyororo ilipokatika hawakutafuta njia nyingine, wakamwachia makaburi. Akaishi huko akipiga kelele usiku na mchana na kujikatakata kwa mawe. Hatusomi kwamba kuna aliyekwenda kumwuliza lolote.

Yesu alimwuliza jina lake. Jibu lililotoka lilikuwa la kuvurugika, mchanganyiko wa sauti nyingi, lakini swali lilikuwa limeulizwa, na aliyeulizwa alikuwa mtu. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Bwana. Bartimayo alikuwa kipofu na kila mtu aliona anachohitaji, lakini Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Mtu wa birika la Bethzatha alikuwa amelala miaka 38, na hata yeye aliulizwa kama anataka kupona. Mwenye uwezo wote hakuona kwamba uwezo wake unamruhusu kuruka ridhaa ya mgonjwa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika Injili kuuliza ni sehemu ya uponyaji.

Mwisho wa habari ile una jambo ambalo hupita haraka machoni petu. Yule mtu aliyeponywa aliomba kufuatana na Yesu, na Yesu akakataa. Alimwambia arudi nyumbani kwake, kwa watu wake, akawaeleze. Mtu ambaye jana alifungwa kama mnyama, leo anaambiwa "hapana" na kupewa kazi ya kufanya, kama anavyoambiwa mtu mzima. Na watu wa mji, walipomwona ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, waliogopa. Walikuwa wamezoea kelele zake. Mtu aliyepona na kuweza kusema aliyotendewa aliwatisha kuliko kelele zile.

Upendo unahitaji sheria

Walutheri tumefundishwa kwamba Mungu huutawala ulimwengu kwa njia mbili. Kwa Injili huokoa, na kwa sheria huzuia uovu usienee ili watu waishi pamoja. Tunapofikiria kazi hii ya pili, tunafikiria wezi na wauaji. Lakini sheria imewekwa pia kumzuia mtu mwema aliyechoka, maana mtu mwema aliyechoka anaweza kufanya mambo ya kutisha huku moyo wake ukimwambia kwamba anapenda. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watu wenye matatizo ya akili wanaofungwa minyororo au kufungiwa mahali padogo. Lilikuta desturi hiyo katika nchi takriban 60, za Afrika zikiwamo. Waliofunga wengi walikuwa jamaa wa wagonjwa, na baadhi ya mahali pa kufungia palikuwa vituo vya maombi. Upendo ulikuwepo, na dini ilikuwepo. Mtu wa nje wa kuuliza "kwa nini?" ndiye aliyekosekana.

Huyo mtu wa nje ndiye sheria inayejaribu kumleta. Katiba ya Tanzania, ibara ya 12, inakiri kwamba watu wote ni sawa na kwamba kila mtu anastahili heshima. Ibara ya 15 inasema mtu asinyimwe uhuru wake ila kwa namna na utaratibu uliowekwa na sheria. Hakuna mahali ilipoandikwa kwamba maneno hayo hayamhusu mgonjwa wa akili. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili, iliyochukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni. Sheria hii inatofautisha anayelazwa kwa hiari yake na anayelazwa bila hiari, na kwa huyo wa pili imeweka utaratibu unaowahusisha waganga na mahakama, ili ndugu mmoja mwenye hasira au mwenye hofu asiwe mwamuzi wa peke yake. Imeweka pia utaratibu wa mahakama kuhusu mali ya mgonjwa. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao unawahesabu pia wenye ulemavu utokanao na ugonjwa wa akili wa muda mrefu, na unasema wazi kwamba ulemavu peke yake si sababu ya kumnyima mtu uhuru.

Sisemi kwamba sheria zetu zimekamilika. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Fikiria binti aliyekunywa sumu kwa sababu ya huzuni isiyobebeka, akaokolewa. Anapofumbua macho wodini anahitaji mtu wa kumshika mkono, na familia yake inajiuliza kama polisi watakuja. Hofu hiyo huwafanya wengi wafiche, na mficha maradhi kifo humuumbua. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Mkristo ana ruhusa ya kuomba sheria ya nchi yake irekebishwe. Kuipenda sheria ni pamoja na kutaka iwe ya haki.

Hakimu wa Brandenburg

Wako watakaosema kwamba mambo ya sheria ni ya dunia na kanisa libaki na sala. Nawaomba wasikilize historia moja inayogusa familia yetu ya Kilutheri.

Katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe, iko Hospitali ya Lutindi ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Ilianza mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kuwapokea wagonjwa wa akili. Kazi hiyo ina undugu na Bethel, mji wa huruma ulio Bielefeld, Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa. Kutoka huko walikuja wamisionari wengi wa Usambara. Hao walikuwa watu waliojua kuwapenda wagonjwa.

Lakini mwaka 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwafunga kizazi kwa nguvu watu waliohesabiwa kuwa na magonjwa ya kurithi, wagonjwa wa akili na wenye kifafa wakiwamo. Takriban watu 400,000 walitendewa hivyo. Taasisi za kanisa, na Bethel ikiwemo, zilishiriki kuitekeleza. Kisha mwaka 1939 ulianza mpango wa siri wa kuwaua wagonjwa. Fomu zilitumwa kwenye hospitali, zikajazwa, na madaktari waliokaa ofisini wakaweka alama ya nani afe. Kwa kawaida waliotia alama hawakumwona mgonjwa wala kumwuliza neno. Hadi Agosti 1941 zaidi ya watu 70,000 walikuwa wameuawa kwa gesi katika mpango huo.

Kanisa halikunyamaza lote. Fritz von Bodelschwingh, mkuu wa Bethel, alikataa kujaza fomu zile. Mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga akatiwa ndani. Askofu wa Kilutheri Theophil Wurm wa Württemberg alimwandikia waziri barua ya kupinga mnamo Julai 1940. Lakini nataka tumtazame mlei mmoja. Lothar Kreyssig alikuwa hakimu katika mji wa Brandenburg, na alikuwa miongoni mwa Wakristo waliopinga serikali kuliingilia kanisa. Kazi yake ilikuwa kusimamia maslahi ya watu wasioweza kujisimamia, wagonjwa wa akili wakiwa wengi kati yao. Katika mafaili yake aliona taarifa za vifo zinaongezeka kwa namna isiyo ya kawaida. Akauliza. Mwezi Julai 1940 alimwandikia Waziri wa Sheria akisema kwamba hayo ni mauaji, akamshtaki ofisa mkubwa aliyehusika, na akaziagiza hospitali zenye watu walio chini ya usimamizi wake zisiwahamishe bila idhini yake. Waziri alimwita akamwonyesha karatasi yenye sahihi ya Hitler. Kreyssig hakukubali kwamba sahihi ya mtawala inaweza kugeuza uovu kuwa haki. Aliondolewa kazini.

Tunajifunza nini? Kwanza, sheria yenyewe inaweza kuwa mbaya, kama ile ya mwaka 1933. Tuipime kwa kuuliza kama inamlinda aliye dhaifu au inamkabidhi mikononi mwa wenye nguvu. Pili, huruma bila ulinzi wa sheria haikutosha. Nyumba zilizojengwa kwa huruma zilitoa wagonjwa wao. Tatu, kazi iliyoonekana kavu ya kusoma mafaili na kuuliza mtu huyu amepelekwa wapi na kwa idhini ya nani, ilikuwa ibada. Hakimu yule alimtumikia Mungu kwa kalamu na muhuri, palepale alipoitwa.

Inapobidi kulazimisha

Sasa nifikie pingamizi lenye nguvu kuliko yote. Kuna saa ambapo kumwachia mgonjwa uamuzi ni kumtelekeza. Mama aliyejifungua wiki iliyopita anasikia sauti inayomwambia amtupe mtoto kisimani. Kijana ameshika panga na anaamini kwamba baba yake amegeuka joka. Kusimama pembeni na kusema "tuheshimu uhuru wake" ni ukatili uliovaa nguo nzuri. Akizuiwa siku hiyo, huenda kesho, akili ikiwa imetulia, atashukuru. Nakubali kabisa. Ndiyo maana sikusema kwamba neno la mgonjwa lishinde kila mara.

Lakini kukubali kwamba kulazimisha kunaweza kuwa lazima hakutupi ruhusa ya kulazimisha tunavyotaka. Kwanza tujiulize: ni kwa faida ya nani? Tunamzuia ili asidhurike wala asimdhuru mtu, au tunamzuia kwa sababu kuna harusi Jumamosi na wageni wanakuja? Pili, nani mwingine ameliona jambo hili? Aliyechoka asiwe mwamuzi wa peke yake. Aitwe mganga wa kituo cha afya, afisa ustawi wa jamii, na pale sheria inapotaka, hakimu. Tatu, ni mpaka lini? Hatari ya usiku mmoja haiwezi kuwa sababu ya kufuli la miaka sita. Nne, je, hakuna njia nyepesi zaidi? Kukaa naye usiku kwa zamu ni kuzito kwetu, lakini ni kwepesi kwake kuliko kamba.

La tano nataka kulisisitiza kwa sababu linawezekana katika kila nyumba. Akiwa mzima, aulizwe. Ugonjwa ukitulia, ndugu wakae naye wamwambie: "Hali ikirudi, unataka tufanye nini? Tumwite nani? Dawa gani ilikusaidia na ipi ilikuumiza? Watoto wako wakae kwa nani?" Yaandikwe, na mchungaji au mzee wa kanisa awe shahidi kama mwenyewe anataka. Siku ya dhoruba ikija, tutakapomshika tutakuwa tunafuata neno lake mwenyewe alilolisema jua likiwaka. Mgonjwa aliyeulizwa hivyo anajua kwamba hata akipotelewa na nafsi yake kwa muda, kuna watu wanaoitunza.

Amri za Mungu na haki za jirani

Baadhi yetu neno "haki" hutukera. Tunasema ni neno la wanaharakati, na kwamba Biblia inafundisha wajibu. Lakini amri na haki ni kitu kimoja kikitazamwa kutoka pande mbili. Mungu akiniambia nisiibe, amemwambia jirani yangu kwamba mali yake ni yake. Kila amri tuliyokariri wakati wa kipaimara ni ukuta wa kumlinda mtu fulani. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapozieleza amri hizi haishii kwenye makatazo. Anaendelea kutuagiza kumsaidia jirani katika mwili wake, mali yake na jina lake.

Amri ya tano inalinda mwili. Mgonjwa wa akili asipigwe ili "pepo litoke." Asilazimishwe kufunga siku tatu bila chakula wala maji. Asiachishwe vidonge vyake kwa sababu mtu fulani amesema kumeza dawa ni kukosa imani. Mungu anayesikia maombi ndiye aliyeumba maarifa ya dawa, na mkristo anaweza kuombewa asubuhi na kumeza kidonge jioni bila kumkosea mmoja kati yao. Usharika unaoandaa mkesha wa maombi ujue nani ameletwa kwa nguvu, na ujue kwamba mtu huyo naye anaweza kusema anataka kurudi nyumbani.

Amri ya sita inalinda utu wa mwanamke. Kila mji una mwanamke mwenye ugonjwa wa akili anayelala kwenye vibaraza vya maduka, na mara kwa mara mji huamka ukakuta ana mimba. Watu hucheka au husikitika, kisha hupita. Aliyemwendea usiku ana akili timamu, na pengine ana kiti chake kanisani. Ubakaji haugeuki kuwa kitu kingine kwa sababu aliyetendewa ushahidi wake unadharauliwa.

Amri ya saba inalinda mali. Mara ngapi ugonjwa wa ndugu mmoja umekuwa nafasi ya ndugu wengine kugawana shamba? "Yeye ataifanyia nini?" wanasema. Danieli 4 inasimulia habari za mfalme Nebukadneza aliyepoteza akili akala majani kama ng'ombe. Ufalme wake haukugawanywa. Kisiki kilibaki ardhini kikimngoja, na fahamu zilipomrudia, mawaziri wake wakamtafuta na enzi yake akarudishiwa. Ikiwa mfalme mpagani alitunziwa enzi, je, mkristo asitunziwe eka mbili za kahawa? Mwenye kusimamia mali ya mgonjwa asimamie kwa utaratibu wa mahakama, na atoe hesabu.

Amri ya nane inalinda jina. Tuache kumwita mtu kwa ugonjwa wake. Ana jina alilobatiziwa. Siri za hospitali zisiwe maombi ya hadhara: "Tumwombee ndugu yetu fulani, amerukwa tena." Na anaposema kwamba amepigwa au ameibiwa, tusijibu haraka kwamba ni ugonjwa unaosema. Huenda ni ugonjwa. Huenda ni kweli. Uchunguzi ndio utakaotuambia, na mtu ambaye neno lake halichunguzwi kamwe amekuwa mawindo ya kila mwovu.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mtu mmoja kati ya 8 duniani anaishi na tatizo fulani la afya ya akili. Hesabu viti vya kanisani kwako Jumapili. Jambo hili si la familia moja yenye chumba cha nyuma. Linawahusu wanakwaya, wazee wa kanisa, wainjilisti na wachungaji, na hakuna ajuaye kesho yake.

Kwa hiyo baraza la wazee na lijue afisa ustawi wa jamii wa kata ni nani na kliniki ya afya ya akili iliyo karibu ni ipi. Diakonia ya usharika ipange zamu ya kuwapumzisha wanaouguza, maana kufuli nyingi zimefungwa na mikono iliyokosa msaidizi. Kumhukumu mama aliyechoka bila kumpokea mzigo ni kumwongezea mnyororo wa pili. Anayeweza kusoma sheria aisome na kuwaeleza wenzake kwa lugha nyepesi. Na mchungaji anapotembelea, asiridhike na sebule. Aombe ruhusa kwa wenye nyumba, kisha apige hodi kwenye mlango wa ndani na kumwuliza aliyemo kama angependa kutembelewa. Akisema ndiyo, aingie, amsalimu kwa jina lake, amsomee Neno, na kama anatamani Chakula cha Bwana, ampe. Akisema hapana, amtakie amani na amwambie atarudi wiki ijayo. Na wiki ijayo arudi.